Anza na Witcher 3, Skyrim itakusubiri

Ndugu, umeuliza uanze na gemu lipi kati ya Skyrim ya 2011 na The Witcher 3 ya 2015, nawe una saa moja tu usiku na unapenda hadithi. Anza na Witcher. Skyrim inakuachia dunia nzima: unaweza kumsahau joka aliyeteketeza mji wa Helgen mwanzoni mwa gemu ukaenda kuchuma maua ya dawa, na hakuna atakayekuuliza. Raha kweli, ila kisa kinapoa. Witcher nayo ni pana, lakini ukifika eneo la Velen kwa yule Baron mlevi anayewatafuta mkewe na bintiye, kuzima mashine ni kazi. Uamuzi wako unarudi kukudai. Alama za kuuliza kwenye ramani, zile za mambo ya pembeni, ziache kwanza, mfuate Ciri, binti unayemtafuta katika kisa kikuu.