Re: Klabu ya wema ipo, lakini uonevu haujaisha

Salaam, mama wa Arua, Uganda. Umesema mabango ya wema yamebandikwa na wimbo umeimbwa paredi, ila wenzake wa P5 (darasa la tano la msingi) bado wanamnyang'anya mwanao chakula na kumcheka lafudhi yake.

Kwanza angalia ni wapi na saa ngapi. Shuleni kwetu ilikuwa foleni ya uji na njia ya kwenda bombani, pasipo na mwalimu. Mwalimu wa zamu alipohamia hapo, mambo yalipoa ndani ya wiki mbili. Mabango, kusema kweli, hayakusaidia kitu.

Halafu tukawapa watoto kazi ya wema badala ya hotuba: kila mwanafunzi mgeni alipata wenzake wawili wa kula naye na kurudi naye nyumbani. Mmoja wa hao wawili tulimtoa kwa watundu wenyewe (walimu walinicheka!). Huyo ndiye aliyebadilika kuliko wote.

Usidai mwonevu achapwe. Sheria ya watoto ya 2016 imekataza viboko shuleni, na hasira zake atazimalizia kwa mwanao njiani. Mwone mwalimu mlezi. Wakikupuuza, piga 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto, ni bure. Kwenye shule za bweni sijawahi kujaribu haya.