Kuchagua saa ya mazoezi kwa watoto wawili

Umeuliza ni saa gani ya kupima mazoezi itakayowafaa mtoto wa miaka 9 na dada yake wa miaka 15. Mimi ningewanunulia mbili tofauti. Kwa mdogo, tafuta ile nyepesi, isiyo na kamera, inayotumia betri ya duara kama sarafu na kudumu miezi mingi, kwa sababu kifaa kinachodai chaji kila jioni huishia kusahaulika kwenye droo. Hakikisha tu kwamba kifuniko cha betri kimekazwa kwa skrubu, kwani betri hiyo ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.

Kwa mkubwa, kipimo cha mapigo ya moyo kina faida iwapo anakimbia au anacheza mpira, mradi mkanda usilegee. Lakini nakusihi uzime hesabu ya kalori, maana binti wa umri huo akianza kuhesabu kila tonge anaweza kuingia katika matatizo ya ulaji bila wazazi kutambua. Badala yake mwekee lengo la dakika 60 kwa siku, ambao ndio wastani unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa wenye miaka 5 hadi 17.