Babako na mashua ya mwisho

Mwanangu,

Salaam aleikum. Nimetoka eda juzi, miezi 4 na siku 10 zimetimia, na la kwanza nimeona nikujibu. Usiku wa khitma uliniuliza kwa simu: "Mama, mlijua ni saratani, mbona ulimwacha aende kazini kila siku?" Nyumba ilikuwa imejaa watu, nikanyamaza. Na swali lenyewe liliniuma, sikufichi.

Kwanza, hatukujua mapema. Alianza kukwamwa na mkate wa mofa, akawa aushushia kwa maji. Zahanati tuliyoanzia walisema vidonda vya tumbo, akameza vidonge miezi 3. Uji nao ulipoanza kupita kwa taabu ndipo tukavuka bahari hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, akatiwa kamera kooni. Saratani ya umio, njia ya chakula. Daktari alisema umio hutanuka, kwa hiyo mtu huja kuhisi shida njia ikiwa imeshaziba sana. Ya hospitali unayajua, wewe ndiye uliyekuwa ukituma nauli.

Usiyoyajua ni ya bandani.

Babako aliunda vyombo vya baharini hapa Matondoni, Lamu, tangu ana miaka 15, na sikumwona hata siku moja akichora mstari kwenye karatasi. Akishalaza mkuku mchangani, ule uti wa chini, chombo kizima ameshakiona. Alikuwa akichambua miti ya mikoko iliyopinda, ashike mmoja, augeuze, aseme hili taruma la omo, hili la tezi, yaani mbavu za chombo za mbele na za nyuma. Mimi nikiona kuni tu.

Mashua ya mwisho ilikuwa ya mvuvi wa Kizingitini, bei walipatana kabla hajaugua. Aliporudi kutoka kwenye mionzi mkono haukuweza tena kuinua tezo, shoka lake la kuchongea. Nikasema basi, yamekwisha. Asubuhi yake akaomba punda, na banda halifiki hatua 200! Siku moja nilimficha kofia ili asitoke. Hakunisemesha mpaka magharibi, na uji wangu hakuugusa.

Kesho yake nikampelekea uji huko huko. Nikamkuta ameegemea nguzo, macho ameyafumba, nikadhani amelala. Kijana wake wa kazi alikuwa akikalafati, anasokota pamba yenye mafuta ya nazi na kuipigilia kati ya mbao. Babako, macho vivyo hivyo, akasema: "Hapo haijashiba. Rudia." Kijana akapiga tena, na tena, mpaka mlio ukawa mkavu, kama agongaye jiwe. Hata mimi niliusikia ukibadilika. Kisha babako akanywa uji, bakuli nzima, polepole, kijiko kwa kijiko.

Nyumbani kila aliyeingia alimuuliza amekula nini. Bandani aliulizwa, "Fundi, ubao huu uende vipi?" Sikumficha kofia tena.

Alifariki mashua bado haijapakwa shahamu na chokaa. Kijana akaipaka mwenyewe, wakangoja bamvua, maji makuu, wakaishua. Mimi nilikuwa ndani. Niliwasikia tu wakiitikiana wakiivuta. Jioni yule kijana akaja, akasimama nyuma ya mlango. "Mama, tumekaa ndani yake mpaka maji yakapwa. Haivuji."

Tezo nimempa yeye. Ukija usiitafute.

Mamako