Cheti cha ualimu wa nasari: dada wa Busia, nenda kasome

Dada, umeuliza hapa kama ukasomee cheti cha ualimu wa nasari. Umesema ulimaliza S4, yaani kidato cha nne, huu ni mwaka wako wa pili ukisaidia nasari moja huko Busia, Uganda, na mwenye shule anakuuliza cheti cha nini wakati watoto wameshakuzoea. Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wanakwambia mshahara hauongezeki, bora utulie. Mimi nakuomba uende, na nitakueleza kwa nini.

Nimekulia kambini Jinja, baba yangu alikuwa mwanajeshi, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha yangu ya kwanza. Mwaka 2012 nilianza kazi kama hiyo yako: kunawisha watoto, kugawa uji, kufuta makamasi, na mwalimu wa Bebi, darasa la wadogo kabisa, asipofika, nashika chaki mimi. Niliamini kabisa kwamba kazi naijua. Watoto wa miaka mitatu niliwaandikisha a, e, i, o, u ukurasa mzima, maana mzazi akifungua daftari jioni alitaka kuona maandishi na alama nyekundu za vema. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeshika penseli kwa ngumi mpaka karatasi inachanika. Nilikuwa naushika mkono wake kwa nguvu na kuuburuta juu ya mstari. Ikafika mahali akiona daftari tu, anajikojolea. Nikasema huyu ni mzito.

Nilikuja kumwelewa mtoto yule nikiwa chuoni, alipokuwa ameshahama. Wakati wa mazoezi ya kufundisha mkufunzi wetu alikaa nyuma ya darasa akaniona namfanyia mtoto mwingine vilevile. Hakunigombeza mbele ya watoto. Walipotoka kwenda kucheza aliniita, akaniambia kwamba mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka mitatu bado ni gegedu, mingine haijawa mfupa hata kidogo, na misuli ya vidole haijakomaa. Kisha akatoa mfuko wa udongo wa kichuguu, akasema penseli ziwekwe kabatini mwezi mzima.

Basi tukafinyanga. Tukachana magazeti vipande vidogo, tukatunga vifuniko vya soda kwenye kamba ya mgomba, tukachora kwa kidole mchangani. Wiki ya tatu yule mtoto wa pili alibiringisha nyoka wake wa udongo mezani, akamkunja taratibu mpaka kichwa kikakutana na mkia, akaniangalia akasema, "Ticha, o." Hakuna mtu aliyemshika mkono. Nililia siku ile, na nilimlilia zaidi yule wa kwanza.

Hicho ndicho nilichokwenda kununua chuoni, ingawa wakati nalipa sikujua. Unajifunza mtoto anavyokua, lishe na afya yake, kutengeneza vifaa kwa vitu vya bure, kumtazama na kuandika ulichokiona, na kuzungumza na mzazi anayedai Kiingereza tangu Bebi. Mwongozo wa NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, wa watoto wa miaka 3 hadi 6 upo tangu 2005, na umejengwa juu ya michezo. Nasari nyingi nilizopita hawajawahi kuufungua. Na ukumbuke tangu 2007 hata P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu la msingi, mtaala unataka lugha ya eneo itumike, kwa hiyo kumchapa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ameomba maji kwa Kisamia, lugha ya kwao, ni kumwonea.

Sasa pale nilipoumia. Mwaka 2013 nililipia chuo kilichokuwa ghorofani juu ya maduka, bango kubwa linasema kimetambuliwa na wizara. Pesa ilikuwa ya mama, ya karanga alizouza msimu mzima. Mwaka ukaisha, tukafika kujiandikisha kwa mtihani, majina yetu hayapo popote. Nikaanza upya chuo kingine, nikisoma wakati wa likizo huku nafanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fika ofisi ya elimu ya wilaya uulize kama chuo kimesajiliwa. Uliza mtihani unatungwa na nani na cheti kinatoka wapi. Wakati wangu ilikuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mtafute aliyemaliza pale, akuonyeshe cheti chake ukishike mkononi. Na usiuziwe mafunzo ya miezi michache ya ulezi ukadhani ni ualimu. Cheti cha ualimu nilichosoma mimi kilikuwa cha miaka miwili kwa aliyefaulu S4. Jambo jingine, sera ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu afike digrii, na UNITE, taasisi ya taifa ya ualimu, imeundwa kwa ajili ya kuandaa walimu. Kwa hiyo uliza pia kama cheti hicho kitakupeleka diploma. Usikubali jibu la mdomo.

Ukimaliza, cheti peke yake hakitoshi. Sheria ya elimu ya 2008 ilishasema mwalimu asajiliwe au apewe leseni. Siku hizi usajili unapitia mtandaoni, kwenye TMIS, mfumo wa taarifa za walimu.

Kuhusu mshahara wenzangu hawakudanganya. Sheria hiyohiyo iliacha nasari mikononi mwa watu binafsi na wazazi, na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1997, unaanzia P1, kwa hiyo mshahara wetu unatoka kwenye karo. Shule zilipofungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022, karo haikuwepo na mshahara haukuwepo. Nilikaanga mandazi kando ya barabara karibu miaka miwili. Lakini shule zilipofunguliwa nilizunguka tatu, na zote swali la kwanza lilikuwa cheti na namba ya usajili. Wenzangu tuliokuwa nao bila cheti walirudishwa getini, na walikuwa walezi wazuri. Iliniuma sana.

Mwenye shule wako mwombe akuandikie barua ya ruhusa ya siku za mazoezi ya kufundisha, iwe na sahihi yake, maana hapo ndipo wengi hukwama. Na huna haja ya kungoja chuo kifunguliwe: kesho asubuhi beba udongo wa kichuguu, uloweke, uwape wale wa Bebi kabla ya uji. Ukishapata jina la chuo, liandike hapa kabla hujatoa shilingi.