Gereji imeharibu janti za gari langu: nidai nini?

SWALI: Bwana Mhariri, nilipeleka gari kwenye gereji moja hapa Lubumbashi nibadilishiwe tairi. Nilipofika nyumbani niliona kwamba janti (rimu) mbili za aluminiamu, ambazo zilikuwa nzima, zina mikwaruzo mirefu, na moja imebonyea ukingoni. Mwenye gereji anasema ni mawe ya barabarani. Tena anasema kwamba hata kama ni kwake, aliyefanya kazi ni kijana anayejifunza. Anataka kunirudishia malipo ya ufundi ili yaishe. Nikubali?
Mama msomaji, Kampemba

JIBU: Mama, usipokee pesa hiyo kwa sasa, hasa ukiombwa kutia sahihi karatasi inayosema kuwa huna dai tena, kwa sababu malipo ya kufunga tairi hayawezi kulingana na gharama ya kunyoosha janti na kuipaka rangi upya.

Kabla ya kuosha gari, tazama alama zenyewe kwenye mwanga wa mchana. Janti iliyogonga jiwe au ukingo wa barabara huumia upande wa nje kabisa, na kovu la zamani huwa limeshika weusi wa breki na vumbi letu jekundu. Chuma cha kung'olea tairi, au kichwa cha mashine ambacho plastiki yake ya kinga imekwisha, huacha mchoro mpya unaong'aa pale mdomo wa tairi unapokaa, na mara nyingine huchuna hata raba ya tairi mpya. Piga picha za karibu na za mbali, namba ya gari ionekane, kisha uziweke pamoja na risiti.

Kuhusu kijana, bwana huyo anajitetea kwa maneno mawili yanayopingana, na hilo la pili halimwokoi. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika nchini Kongo, inasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyesababisha hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na kifungu cha 260 kinamfanya bosi awajibike kwa hasara iliyoletwa na watumishi wake kazini. Mwandikie barua fupi yenye picha, ukidai atengeneze au alipe fundi mwingine utakayemchagua, na ubaki na nakala aliyoitia sahihi ya kuipokea. Akikataa, Mahakama ya Amani, ile ya ngazi ya chini, ipo. Ila nadhani barua yenye picha humlegeza mtu kabla ya kufika huko.

Mkwaruzo ni suala la sura, ingawa rangi ikitoka aluminiamu huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Janti iliyobonyea ndiyo ya kuharakisha. Jaza upepo, paka maji ya sabuni mahali tairi inapokutana na janti, uone kama mapovu yanatoka; usukani ukitetemeka unapoongeza mwendo, usiende nayo Likasi wala Kasumbalesa. Mbonyeo mdogo hunyooshwa na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo, wala si kwa nyundo. Ukionekana ufa, usikubali uchomelewe, bali dai janti nyingine ya kipimo kilekile.

Tairi zikifungwa upya, agiza risasi za kusawazisha, yaani vile vipande vidogo vya uzito vinavyozuia gurudumu kutetemeka, zibandikwe kwa gundi upande wa ndani, maana zile za kugongwa ukingoni huchubua rangi, na nati zikazwe kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kisha zikaguliwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.