Mwalimu Anajibu: Mdogo wangu anapigania mazingira, lakini kapanda ndege

Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu amejiunga na kikundi cha vijana wanaopigania tabianchi, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Nikiwasha gari kwenda mahali ambapo kwa miguu ni dakika kumi, anasimama mlangoni kama trafiki. Nikila nyama, ananihesabia gesi inayotoka kwenye tumbo la ng'ombe. Mwezi uliopita bwana huyo huyo akapanda ndege, saa nane angani, kwenda kwenye mkutano wa tabianchi. Akaandamana siku mbili, akarudi kwa ndege. Nilipomwambia nyani haoni kundule, akanuna, akasema mimi sielewi "mfumo". Nipe jibu la wazi: hawa watu wanaishi wanayoyasema, au ni kelele tu?
*Dada Mtu, niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Jibu la wazi ni kwamba wachache wanayaishi kikamilifu, wachache hawayaishi kabisa, na waliobaki, ambao ndio wengi, wanajikongoja katikati. Ila kabla hujakimbia kumsomea mdogo wako, nina la kuungama.

Nilipostaafu kufundisha jiografia niliingia kwenye kamati ya maandamano ya tabianchi. Kwa kuwa nilikuwa mzee kuliko wote hawakunipa bango, walinipa jenereta. Kazi yangu ilikuwa moja: vipaza sauti visizimike. Basi msemaji yuko jukwaani anapaza, "Mafuta yabaki ardhini!", umati unaitikia, na mimi nimechuchumaa nyuma ya turubai, faneli mkononi, namimina petroli kwenye tangi. Nyingine ikamwagikia kiatu. Kijana mmoja mpita njia akachungulia, akaangalia dumu, akaangalia jukwaa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, na hayo je?" Sikuwa na jibu. Soksi zilinuka petroli hadi jioni.

Nimelitafuta jibu lile kwa miaka, na nadhani ninalo. Kama tungekuwa tunawaambia watu wasiguse petroli, kijana yule alikuwa amenishika pabaya. Lakini tulichokuwa tunadai ni serikali iache kutoa vibali vya visima vipya, na ilete umeme usiotokana na mafuta. Pale tuliposimama hapakuwa na pa kuchomeka waya. Ukiondoa mashairi na ngoma, tulichokuwa tunaomba siku ile ni soketi.

Ndiyo maana mimi hutenganisha madai na mahubiri. Anayedai sheria ibadilike hawi mwongo kwa kuwa bado anaishi chini ya sheria ya zamani, ataishi wapi? Anayemhubiria mwenzake aache hiki na kile, huyo awe ameshaacha yeye kwanza. Mdogo wako kafanya yote mawili kwa mdomo mmoja. Kwenye mkutano alikuwa na madai. Mlangoni kwako alikuwa na mahubiri, na mahubiri una haki ya kuyapima kwa mizani yake mwenyewe.

Tuipime basi. Mwaka 2017 watafiti wawili, Seth Wynes na Kimberly Nicholas, walipiga hesabu ya kile mtu mmoja wa nchi tajiri anachoweza kuokoa. Kuishi bila gari ni takriban tani 2.4 za hewa ukaa kwa mwaka. Kuepuka safari moja ya ndege ya kuvuka Atlantiki, kwenda na kurudi, ni tani 1.6. Kula mimea tu kwa mwaka mzima ni tani 0.8. Ndege ya saa nane ni ya urefu huo huo wa Atlantiki. Kwa hiyo safari yake ya siku mbili imemeza miaka miwili ya kutokula nyama. Mwonyeshe kwa kalamu na karatasi, bila kelele. Kalamu inauma kuliko nyani.

Wapo wanaoyaishi, tena kwa gharama. Agosti 2019 Greta Thunberg, akiwa na miaka 16, alitoka Plymouth kwenda New York kwa mashua ya mbio iitwayo Malizia II. Siku kumi na tano baharini, chakula cha kukaushwa, choo ndoo. Kevin Anderson, mwanasayansi wa tabianchi wa Uingereza, hajapanda ndege tangu 2004. Lakini hata Greta hakusalimika. Mashua ilipofika, watu walikuwa wameshahesabu mabaharia watakaopanda ndege ili kuirudisha, wakapiga vigelegele kwamba wamemkamata. Mchezo huu ukiuanza hauna mwisho. Utamhesabia mtu hadi pamba ya tanga.

Na wapo waliojianika. Aprili 2019 mwigizaji Emma Thompson aliruka kutoka Los Angeles hadi London kuungana na waandamanaji wa tabianchi wa kundi la Extinction Rebellion, na magazeti yakala wiki nzima. Mapema 2023 waandamanaji wawili wa kundi la Ujerumani, Letzte Generation, hawakutokea mahakamani kujibu kesi ya kuziba barabara. Ikagundulika wamepanda ndege kwenda Asia. Kundi likawatetea kwamba tiketi walikata kama watu binafsi, si kama wanaharakati. Utetezi ule niliusoma mara mbili, nikadhani nimeukosea. Hewa haiulizi tiketi ilikatwa kwa cheo gani.

Wanasayansi nao tusiwaache. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watafiti zaidi ya 1,400 wa fani mbalimbali, ikaonekana wale wa tabianchi wanapanda ndege zaidi ya wenzao. Wanaojua zaidi ndio wanaoalikwa zaidi.

Sasa nije kwenye "mfumo", neno lililokuudhi, kwa sababu hapo mdogo wako hakosei. Hii mizani tunayosutana nayo, ya kila mtu na nyayo zake za kaboni, yaani hewa ukaa anayoisababisha yeye, wazo lake lilitoka vyuoni miaka ya 1990, lakini aliyelipigia debe hadi likaingia majumbani ni kampuni ya mafuta ya BP, kwa matangazo na kikokotoo chake, kuanzia 2004 hivi. Muuza mafuta akamgeukia mnunuzi: hebu tukuone wewe unachafua kiasi gani. Nikivua kofia ya ualimu nasema ilikuwa akili ya hali ya juu.

Halafu kumbuka 2020, mwaka wa korona. Ndege zililazwa viwanjani, ofisi zikafungwa, watu wakakaa ndani miezi. Hakuna mahubiri ambayo yangeweza kuwabana wanadamu kiasi kile. Hewa ukaa iliyotolewa duniani kwa mwaka mzima ilipungua kwa asilimia tano hivi tu, na mwaka uliofuata ikarudi karibu pale pale. Kwa nini? Kwa sababu majokofu yaliendelea kunguruma, mitambo ya umeme ikaendelea kula makaa ya mawe, matanuru ya saruji na chuma yakaendelea kuwaka. Huko ndugu yako hafiki kwa kuacha nyama, wala wewe kwa kuacha gari. Kunafikiwa kwa sheria na bajeti, na sheria hazijawahi kubadilika kwa watu kukaa kimya wakisubiri wawe wasafi kwanza.

Kwa hiyo asafiri tu? Hapana, na hapa nataka aniskilize yeye. Wazee waliposema mganga hajigangi hawakusema dawa yake ni ya uongo. Dawa inaweza kuwa nzuri. Wagonjwa ndio wanaopungua. Lipo jambo lililopimwa: mwaka 2016 mtafiti Shahzeen Attari na wenzake walionyesha kwamba watu wakiambiwa mtafiti anayewashauri ana matumizi makubwa ya nishati, imani yao kwake inashuka na hamu ya kufuata ushauri wake inashuka nayo. Hali ya hewa haikubadilika hata chembe kwa ndege moja ya mdogo wako. Wewe ndiye uliyebadilika. Alikuwa na msikilizaji mmoja ndani ya nyumba, akampoteza uwanja wa ndege.

Muulize swali moja: kama angebaki, nini kisingefanyika kule? Kuna watu ambao wasipofika kwenye chumba kile, hakuna atakayesema habari zao, na hao mimi ningewakatia tiketi mwenyewe. Kama yeye alikwenda kuongeza kichwa kimoja kwenye umati na kupiga picha, ajibu. Mpe nafasi ajibu, usimkatize.

Halafu kuna ile dakika kumi kwa miguu. Binti, hapo kijana yuko sahihi. Naomba radhi.

Mwalimu, mimi niko upande wa pili. Nilipigwa picha kwenye maandamano nikinywa maji ya chupa ya plastiki, nimevaa fulana ya poliesta iliyoandikwa "Okoa Dunia". Picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi ya ofisini. Wameniita Mama Plastiki. Niache kuandamana?
*Wa Chupa*

Usiache. Kwanza waliokucheka wamekosa shabaha. Plastiki na joto la dunia ni binamu, baba zao wote ni mafuta, lakini si mtu mmoja. Chupa ni tatizo kubwa la mitaro, mito na samaki. Kwa tabianchi, uzito wake ni mdogo kuliko wa gari lililokufikisha pale. Ukiandamana kuhusu makaa ya mawe ukakutwa na chupa, umekosa kwenye somo jingine.

Fulana ndiyo inayonipa shida kidogo. Si poliesta yake, ni kama ilichapishwa kwa ajili ya siku ile moja. Nasema kwa uchungu wa kujua. Kamati yangu ilichapisha bango la plastiki, yale mazito ya kung'aa, mita nne, yenye matundu ya chuma pembeni. Mchapishaji, ambaye hakuwa na habari na mambo yetu, alituuliza, "Mna uhakika mnataka tarehe?" Tukasema weka, tena kubwa. Saa nne baadaye bango lilikuwa limekwisha kazi milele. Nikaona aibu kulitupa, nikalichukua. Mpaka leo lipo stoo yangu limefunika baiskeli, limekunjika, na kutoka mlangoni linasomeka herufi mbili tu, "OK". Likipigwa na joto la mchana linatoa harufu kama ya mpira mpya.

Kwa hiyo safari ijayo tumieni kitambaa, rangi, na msiandike tarehe. Shuka kuukuu lafaa. Maji beba na chupa yako, si kwa sababu itaokoa barafu ya ncha ya kaskazini, bali umnyime mpiga picha kazi. Na kwenye grupu la ofisi andika hivi: "Ni kweli, nilikuwa na kiu. Nani anajua umeme wa ofisi yetu unatoka wapi?" Kisha tulia uone nani anaandika kwanza.

Mwalimu, wale waliomwagia mchoro supu kule London, hao si wanafiki zaidi? Mtetezi wa mazingira anaharibu vitu vizuri?
*Mpenda Picha*

Unauliza kuhusu tukio la tarehe 14 Oktoba 2022. Vijana wawili wa Just Stop Oil, kundi la Uingereza linalopinga mafuta, waliumwagia supu ya nyanya mchoro wa alizeti wa Van Gogh kwenye jumba la National Gallery, kisha wakajigandisha ukutani kwa gundi. Mchoro ulikuwa nyuma ya kioo, haukudhurika. Fremu ndiyo iliyoharibika. Septemba 2024 mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, mwingine miezi 20.

Waite wapumbavu ukitaka, na siku ile mimi niliwaita hivyo mbele ya redio. Unafiki siuoni. Mnafiki hutaka sifa ya jambo bila bei yake, na hawa waliingia mle wakiijua bei.

Nikilipia ile fidia ya kaboni, ipandwe miti kwa niaba yangu, naweza kupanda ndege kwa roho safi?
*Msafiri*

Moshi wa ndege uko angani leo jioni. Mti utachukua miongo kuufyonza, ikiwa haukukatwa, haukuungua, na ikiwa haukuwa unapandwa hata bila pesa yako. Ukitaka kutoa, toa, miti ni kitu chema. Usiandike tu kwamba umelipa deni.

Mimi nililipia mara moja. Nikatumiwa barua pepe yenye picha ya mche wangu: majani manne, kijiti pembeni, na namba yake ya usajili. Nimewaandikia mara mbili kuuliza kama bado uko hai.