Kyubu zimefaulu, kwa nini nguzo bado inadai ringi?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Najenga ghorofa moja Morogoro. Nguzo ni sentimita 23 kwa 23, zenye nondo 4 za mm 16. Mchoro unataka ringi (vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo) za mm 8 kila sentimita 15, na kila sentimita 10 karibu na boriti. Fundi anasema sentimita 30 inatosha, kwa kuwa kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu maabara) za siku 28 zimetoa newtoni 27 kwa milimita ya mraba na tulihitaji 25. Anasema ringi kazi yake ni kushikilia nondo tu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na nakuomba msimwage zege kabla ya kulirekebisha hilo.

Nenda maabara ukaombe kuziona kyubu zilizovunjwa. Kyubu iliyovunjika vizuri haisagiki: inabanduka ubavuni pande zote nne, katikati zinabaki kama piramidi mbili zilizogusana ncha. Juu na chini zege limebaki zima kwa sababu sahani za mashine zililishika kwa msuguano, likashindwa kutanuka. Ndiyo maana silinda ya zege hilohilo, yenye urefu mara mbili ya upana wake, hutoa takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya kyubu: kiunoni iko mbali na sahani, hakuna cha kuishika. Basi ile 27 yenu ina msaada wa mashine ndani yake.

Zege likikandamizwa hufupika na kutaka kutanuka. Nyufa ndogo huanzia pale kokoto inaposhikana na saruji, zinapanda wima, mwisho zege linapasukia ubavuni, kwa sababu nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Likibanwa ubavuni, nyufa hazipati nafasi ya kufunguka. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, yaliyochapishwa 1928, yalionyesha kwamba kila newtoni 1 ya kubana kutoka pande zote huongeza takriban newtoni 4 kwenye uwezo wa kubeba. Na kinyume chake ni kibaya: zege linalokandamizwa huku likivutwa ubavuni hushindwa mapema. Nguzo ya kona, inayobeba mzigo na kupindwa kwa wakati mmoja, ndiyo inayoteseka zaidi.

Sasa rudi kwenye nguzo yako. Ukiondoa kava (zege la nje linalofunika ringi), kiini kinachobaki ndani kina upana wa kama sentimita 17. Ringi hubana pale ilipo na karibu yake tu. Ukiziachanisha sentimita 30, kati ya ringi mbili unabaki na kipande cha zege chenye urefu karibu mara mbili ya upana wake, kisichoshikwa na kitu. Hiyo ni ile silinda ya maabara! Nondo za wima nazo zinapata nafasi ya kupinda kwenda nje. BS 8110, kanuni ya zege iliyotumika Uingereza hadi 2010, hairuhusu nafasi kati ya ringi kuzidi mara 12 ya kipenyo cha nondo nyembamba ya wima. Kwako ni milimita 192.

Tetemeko la San Fernando, California, la Februari 1971 lilionyesha hili katika Hospitali ya Olive View. Nguzo zilizozungushiwa nondo ya mviringo kama springi zilibanduka kava zikaendelea kubeba jengo. Za kona, zenye ringi za kawaida, zilisambaratika.

Kwa nguzo ya mita 3, ringi anazotaka kuokoa fundi hazimalizi nondo moja ya mita 12. Mwambie hesabu hiyo kwa upole, pengine hajawahi kuipiga. Kisha, kabla boksi la kumwagia zege halijafungwa, kagua mikia ya kila ringi: iwe imekunjwa nyuzi 135 kuingia ndani ya kiini. Ikikunjwa nyuzi 90 tu, siku kava litakapobanduka ringi itafunguka, hata kama zimepangwa kila sentimita 10.